Herufi Moja Kwenye Stempu

Ukiletewa stempu mbili zinazofanana kama mapacha, usianze na picha. Picha ndiyo inayodanganya. Anza na maandishi madogo, halafu meno ya pembeni, halafu muhuri wa posta.

Mfano mzuri tunao hapahapa Kenya. Desemba 1971 zilitoka stempu za makombe ya baharini zilizochorwa na Rena Fennessy, kila moja ikiwa na jina la Kilatini la mnyama wake. Kwenye ile ya senti 50 yumo konokono wa zambarau, yule anayeelea baharini akining'inia chini ya povu alilolitengeneza mwenyewe. Toleo la kwanza lilimwita Janthina globosa. Mwaka 1974 likatoka jingine lenye mchoro uleule na bei ileile, ila jina sasa ni Janthina janthina. Ile ya senti 70 ndiyo huwachosha watu macho: Nautilus pompileus ilisahihishwa ikawa Nautilus pompilius. Herufi e imekuwa i, basi. Bila lenzi utaapa ni stempu moja.

Hapo muhuri unasaidia. Ukipata bahasha ya zamani sandukuni hapa Ngaremara, imegongwa muhuri wa Isiolo wa 1972, stempu iliyosahihishwa haiwezi kuwa juu yake kihalali. Kwa hiyo usiibandue stempu kuiloweka kabla ya kusoma tarehe. Wengi hukimbilia beseni la maji na kuharibu ushahidi wao wenyewe.

Za enzi ya ukoloni ni ngumu zaidi. Stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935 ina jahazi la Ziwa Victoria. Tazama kamba ya kushoto: kwenye aina ya kwanza haigusi tanga, kwenye ya pili inaligusa. Wakati wa mfalme George VI, stempu ya shilingi 10 ilitoka ikiwa na meno ya vipimo tofauti, 13¼ na 14. Kipimo hicho ni idadi ya vitundu katika sentimita 2, na rula ya kawaida itakuchosha bure. Tumia kipimo cha meno cha wakusanyaji.

Shiti za stempu za Japani zinataka jicho lilelile. Mwanamke anayegeuka nyuma, mchoro wa Hishikawa Moronobu, alitoka kwenye stempu ya yeni 5 mwaka 1948 na picha yake imerudiwa baadaye. Neno NIPPON kwa herufi za Kilatini liliingia kwenye stempu za Japani mwaka 1966. Ukiliona kwenye shiti unayouziwa kuwa ya 1948, mrudishie muuzaji shiti yake, hata akikuapia.

Jambo moja la huku kwetu: hewa kavu huifanya gundi ijikaze, na shiti nzima hujikunja. Usiinyooshe kwa mkono, itachanika kwenye mistari ya meno. Iache kwenye albamu chini ya vitabu vizito, mbali na bati linalopata jua la mchana, na ukiitoa uishike kwa koleo.