Sura ya Sita: Daktari wa Karema

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa mmisionari David Livingstone, penye miembe, akaonyeshwe mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta mzee yule akiwa mgonjwa na hana kitu, mwaka 1871. Ni kumbukumbu inayostahili. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako Julai mwaka huohuo alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwamiminia watu risasi sokoni, wengi wao wanawake. Taarifa yake ilizidi kuisukuma serikali ya Uingereza imbane Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hata hivyo Livingstone alikuwa mpita njia. Sura hii inauliza Mkristo anaweza kuwafaa vipi watu anaoishi nao, na kwa swali hilo mwambao wa Tanganyika una mfano mwingine ambao naupenda zaidi. Mfano huo uko Karema, kusini mwa Kigoma, mahali ambapo leo ni mkoa wa Katavi.

Mhusika wake ni Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa Sahara, akauzwa. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita White Fathers kwa sababu ya kanzu zao, walimkomboa kwa fedha na kumlea Algeria. Baadaye walimpeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja pwani ya Afrika Mashariki, akapanda bara kwa miguu na msafara, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Alifia hapohapo mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi.

Miaka hiyo 67 inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Alipofika, utawala wa Wajerumani ulikuwa bado haujasimama mwambao ule. Aliwaona wakitawala, akaona vita vya kwanza vya dunia vikiwaondoa, akawaona Waingereza wakichukua nafasi yao, na alipofariki TANU ilikuwa na miaka miwili. Mabwana walibadilika na yeye akabaki na wagonjwa wake.

Aliyebuni mpango wa kuleta madaktari Waafrika kama Atiman ni Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile. Kilichomsukuma ni vifo. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, na mwezi uliofuata kiongozi wao J. B. Thomson alikuwa kaburini. Mwenzao Arthur Dodgshun, aliyecheleweshwa njiani kwa muda mrefu, aliwasili mwaka 1879 akafa baada ya siku chache tu. Mapadre wa Lavigerie walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879, na mwaka 1881 watatu kati ya wenzao waliuawa Rumonge, upande wa Burundi. Malaria, kuhara na mikuki viliwamaliza watu kabla hawajajua hata kuamkia kwa lugha ya wenyeji.

Lavigerie akafikiri hivi: apatikane Mwafrika, afundishwe tiba kwa kiwango cha chuo kikuu, lakini asifanywe Mzungu wala asilazimishwe kuwa padre. Awe mlei, aoe, alime, alee watoto, aishi kama jirani zake, na mkononi awe na ujuzi ambao jirani zake wanauhitaji. Ndipo likatoka jina la daktari-katekista. Kati ya vijana waliotumwa kwa mpango huo, Atiman ndiye aliyedumu kiasi cha kuufanya ukumbukwe.

Alimwoa binti wa chifu wa Wabende. Kwa ndoa ile akawa mkwe wa nchi, na mkwe hafukuzwi kirahisi, wala hasemi uongo kirahisi, kwa maana ana shemeji na ana wajomba wa watoto wake. Mtoto wake wa kiume alikuja kuwa padre. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi utotoni akawa na ukoo, na ukoo ule ukawa wa watu wa ziwa.

Ujuzi nao una tabia ambayo mahubiri hayana. Mwenye jeraha lililooza hana haja ya kuamini unachoamini. Anataka uchafu utolewe, dawa ipakwe, kitambaa kifungwe, kesho arudi. Akirudi siku saba na kidonda kikafunga, amekupima kwa kipimo chake mwenyewe. Usipomponya, kijiji kizima kitajua. Kwa hiyo fundi wa tiba anakubali kuhukumiwa kila siku na watu anaowahudumia, wakiwemo Waislamu na wanaotambikia mizimu, na akikubali hukumu hiyo kwa miaka mingi, neno lake juu ya mambo mengine nalo linasikilizwa. Naamini hiyo ndiyo siri ya Karema, na haihitaji muujiza kuieleza.

Kuna upande mwingine ambao vitabu vya misheni hupenda kuupita haraka. Mapadre wa ziwani, Ujiji na baadaye vituo vingine, walinunua watoto watumwa kwa nguo na bidhaa, wakawalea katika vijiji vya misheni. Kila mtoto aliyekombolewa alikombolewa kweli. Atiman mwenyewe ni ushahidi. Lakini fedha ya ukombozi ilikuwa pia ni fedha, na muuzaji hakujali mnunuzi atamfanyia nini mtoto. Aliyenunua mmoja hakufunga soko. Isitoshe, watoto wale walikua chini ya amri ya misheni, wakipangiwa kazi na hata wa kuoana nao, na vijiji vingine viligeuka kuwa falme ndogo. Upande wa Kongo, Mpala, alikuwepo hata kapteni wa kijeshi, Léopold Joubert, akivilinda kwa bunduki.

Lavigerie aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakufungi soko. Mwaka 1888, mwaka uleule Atiman alipokuwa njiani, alizunguka Paris, London na Brussels akihutubia dhidi ya biashara ya watumwa, na kilio chake kilichangia kuitishwa kwa mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890. Ni kweli pia kwamba mataifa ya Ulaya yaliitumia hoja hiyo kama kisingizio cha kugawana Afrika, na Mkristo anayesoma historia hii asilifumbie macho jambo hilo. Hata hivyo sheria ndiyo iliyomaliza kazi ambayo ukombozi wa mmoja mmoja haukuweza. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Atiman alikuwa Karema kwa miaka 33 ndipo sheria ikafika.

Nafika sasa kwenye jambo zito zaidi. Mtu anaweza kudhani kwamba Wakristo wakiwa wengi, nchi itanyooka yenyewe. Aprili 1994 iliikana dhana hiyo. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye asilimia kubwa ya wabatizwa, na watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humohumo, na wauaji wengi walikuwa wabatizwa wenzao. Waliosalimika na waliohusika wote walimwagika mipakani, wakaingia pia Kigoma na Kagera. Tangu siku zile sioni tena haki ya mtu yeyote kupima nguvu ya kanisa kwa idadi ya ubatizo. Inapimwa kwa mambo ambayo Mkristo amekataa kuyafanya yalipoamriwa, na kwa watu aliowafaa wasiokuwa wa kabila lake.

Kwa kipimo hicho Kigoma ina la kujivunia. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa zaidi ya nusu karne: Warundi wa 1972, Warundi wa 1993, Wakongo wa 1996 ambao kwao ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kisha Warundi tena mwaka 2015. Shirika lililobeba sehemu kubwa ya kazi hii tangu 1964 ni TCRS, lililoanzishwa chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani. Zingatia kwamba Walutheri ni wachache upande wa magharibi, na wakimbizi wengi hawakuwa Walutheri. Shirika lilichimba visima, likapasua barabara, likajenga shule na zahanati katika makazi ya mikoa ya jirani, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kisha likavikabidhi kwa serikali. Huo ndio mwisho mwema wa msaada: kilichojengwa kikawa mali ya wananchi. Na Warundi wale wa 1972 wenyewe wakawa wananchi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa Tanzania.

Mei 2015 ilionyesha kazi hii inavyokuwa pindi haina fahari yoyote. Makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari. Wakanywa maji ya ziwa, wakajisaidia ufukweni, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikatia nanga mbali kidogo, watu wakapelekwa kwake kwa mitumbwi, wakafikishwa Kigoma na kupumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa akinyweshwa kidogo kidogo bila kuchoka, huwaokoa wengi kabla ya dripu kupatikana. Anayefanya hivyo anaketi karibu na matapishi na kinyesi usiku kucha. Anayechimba choo anafanya kazi ileile kabla ugonjwa haujaja, na hakuna atakayemshukuru, kwa sababu aliyeokolewa hatajua kwamba aliokolewa.

Kuhusu hospitali za kanisa, msomaji wa Kigoma amezaliwa au amejifungulia huko, nami sitaeleza sana. Kabanga ni ya Wakatoliki, Heri ni ya Waadventista, na zote zinatibu kila anayeingia. Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitia saini makubaliano, ikaanzishwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na tangu hapo mishahara ya baadhi ya wauguzi wa hospitali hizo hutoka serikalini. Wapo wanaoona hilo linalipunguzia kanisa uhuru. Mimi naona linalilinda lisisahau kwamba mgonjwa ni raia kwanza, wala si mgeni wa hisani ya mtu.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakosa maana kwao. Maneno hayo yaliwakera baadhi ya watu. Yalikuwa ya haki, na yanahusu hata bei ya dagaa: mvuvi wa Kibirizi anayekopeshwa nyavu na taa, kisha akalazimishwa kuuza kwa aliyemkopesha kwa bei ya mkopeshaji, haponi kwa kuombewa. Anapona kwa chama cha akiba na mikopo chenye mahesabu safi, na watu waaminifu wa kutunza mahesabu hayo ndio kanisa linapaswa kuwatoa.

Chombo cha kuanzia kipo tayari. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kanisa, na Waprotestanti wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Familia chache hukutana kila wiki, sebuleni au chini ya mchikichi, na zinajua nani hajaonekana, nani mjamzito, mtoto wa nani kaacha shule. Hakuna ofisi ya wilaya yenye taarifa kama hizo. Mara nyingi hatuzitumii, tunaishia kwenye sala na mchango wa harusi.

Basi ndugu msomaji, jumuiya yako itakapokutana wiki hii, ulizeni jambo moja. Je, yupo kijana wetu aliyefaulu baiolojia na kemia kidato cha nne lakini wazazi wake hawana ada? Akiwepo, mchangieni asome uuguzi au uganga, awe ni wa dini yenu au si wa dini yenu, na muafikiane naye mapema kwamba akimaliza atarudi kufanya kazi katika vijiji vya ziwani, Kagunga, Sigunga, Buhingu au Kalya, na atakaa huko.