Mary Leakey: Alifukuzwa shule, akaja kufukua historia ya binadamu

Mtoto akirudi nyumbani Kasingirima mifuko imejaa mawe na makoa ya konokono kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wazazi wengi humwambia atupe uchafu huo akasome. Maisha ya Mary Leakey yanaonyesha kwamba udadisi wa namna hiyo nao ni shule.

Mary alizaliwa London, Uingereza, Februari 6, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji, na familia ilihamahama. Walipokuwa Ufaransa, binti huyo aliruhusiwa kuchambua kifusi kilichoachwa na wachimbaji wa mambo ya kale, akaokota zana za mawe. Baba hakumkataza. Alikwenda naye kutazama mapango.

Baba huyo alifariki Mary akiwa na miaka 13. Baadaye alifukuzwa shule mbili, moja baada ya kusababisha mlipuko katika maabara ya kemia. Kilichombeba ni mkono wake wa kuchora. Alipewa kazi ya kuchora zana za kale kwa ajili ya vitabu, na kazi hiyo ikamkutanisha na mtafiti Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya. Walioana mwaka 1936.

Malezi na utafiti vilikwenda pamoja. Binti yao Deborah alifariki akiwa mchanga. Wavulana watatu walikua wakifuatana na wazazi kambini, na mmoja wao, Richard, naye akawa mtafuta visukuku maarufu.

Julai 17, 1959, Louis alibaki kambini Olduvai akiumwa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona mfupa na meno yaliyochomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, la miaka takriban milioni 1.75 iliyopita. Mwaka 1978, huko Laetoli, timu yake ilifukua nyayo zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Zilithibitisha kwamba viumbe wa ukoo wa binadamu walitembea wima miaka takriban milioni 3.6 iliyopita.

Watu wa Kigoma walikuwa na jirani aliyehusika na habari hii. Jane Goodall alifanya kazi na akina Leakey huko Olduvai kabla Louis hajamtuma kuchunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960. Naye wakati huo hakuwa na shahada.

Mary alifariki Desemba 9, 1996, akiwa na miaka 83, baada ya kutunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu kadhaa.

Siku hizi kazi hiyo inadai masomo ya chuo kikuu, hivyo daftari la shule lisiachwe. Lakini mzazi anaweza kumpa mtoto daftari la pili: achore alichokiona, aandike siku na mahali. Ndivyo watafiti wanavyofanya. Na mkikuta mifupa iliyogeuka mawe au zana za kale, msizichimbue. Acheni zilivyo, mtoe taarifa serikali ya mtaa, kwa sababu kitu kikishang'olewa mahali pake, nusu ya habari yake hupotea.