MTOTO NA MIWANI YAKE

Katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori hupita usiku na mchana, na boda boda hupenya katikati yake. Mtoto wa huko yampasa kuona vema hata kabla hajafika shuleni. Kwa hiyo mzazi akimwona mwanawe akikunja uso atazamapo mbali, au akisogeza kitabu hata kikaribie kugusa pua, asimwite mjinga wala mvivu. Ampeleke kwa daktari wa macho.

Lakini kuipata miwani ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili iko nyumbani. Mtoto mdogo hajui kwamba haoni vema, maana hajapata kuona namna nyingine. Siku ya kwanza ya miwani, ardhi huweza kuonekana kama imeinama, na pua na masikio hulemewa. Basi huivua na kuitupa. Ndipo utakapomsikia nyanya akimwambia mama wa mtoto, "Mwanangu, mwondolee kitu hicho, kitamharibu macho." Na miwani hufungiwa kabatini.

Hilo ni kosa kubwa. Miwani iliyopimwa na mtaalamu haiharibu macho. Tena, kuona si kazi ya macho peke yake. Ubongo nao hujifunza kuona, na hujifunza zaidi katika miaka 7 au 8 ya kwanza. Jicho lisiloleta picha safi wakati huo, ubongo huzoea kuliacha, na likipewa miwani ukubwani huenda lisione sawasawa tena.

Afanyeje mzazi? Kwanza, aangalie kwamba miwani haibani wala haitelezi. Pili, amvishe mtoto kwa mikono miwili, wakati wa jambo alipendalo: hadithi, picha, au kutazama malori yakipita. Akiivua, amrudishie kwa upole, bila kelele wala kiboko, na muda wa kuivaa uongezwe mpaka ufikie ule aliouagiza daktari. Tatu, aioshe kwa maji safi na sabuni, aifute kwa kitambaa laini, wala si kwa shati lenye vumbi. Mtoto akizidi kuikataa baada ya majuma mawili au matatu, arudishwe kwa daktari, kwani huenda vioo havimfai.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Wanafunzi wakimwita mwenzao "Macho Manne", awakanye mara moja, kwa maana dhihaka huvua miwani upesi kuliko maumivu.

Wazazi wenyewe wakifahamu aonavyo mtoto, mambo hubadilika. Mwaka 2015, katika shule 50 za Trans Nzoia, watoto walipimwa macho. Katika nusu ya shule hizo wapimaji walitumia simu, wazazi wakaonyeshwa picha ya namna mtoto aonavyo na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. Huko, kati ya kila watoto 100 walioonekana na kasoro, 54 walifika hospitalini; katika shule nyingine walifika 22 tu.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Jicho nalo hufunzwa lingali changa.