Ndege wa chambo

Ndege wa chambo ni ndege hai, au sanamu ya ndege, anayewekwa na mwindaji ili kuwavuta ndege wa mwituni wakaribie mtego au bunduki. Tofauti na chambo cha samaki, yeye haliwi. Huvuta kwa sura au kwa sauti yake.

Desturi hii ni ya kale. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, Marekani, walipatikana bata waliotengenezwa kwa matete, wenye umri wa miaka 2,000 hivi.

Tombo wa Kenya magharibi

Katika Afrika ya Mashariki mfano unaojulikana ni utegaji wa tombo (Coturnix delegorguei) miongoni mwa Waluo, ambao humwita aluru. Tombo huhamahama akifuata mvua na hutaga mayai chini katika nyasi. Mtegaji hufuga tombo wachache katika vitundu vya kusuka, kisha huvitundika kwenye mlingoti mrefu shambani ili sauti yao ifike mbali. Tombo wa mwituni huifuata sauti hiyo, na wanapopita katika nyasi hunaswa na vitanzi vilivyotegwa chini.

Bata mzinga wa Amerika

Bata mzinga mwitu (Meleagris gallopavo) huwindwa hasa majira ya kuchipua, wakati wa kupandana. Kwa kawaida dume hujionyesha na kungoja jike amfuate. Mwindaji aliyejificha huiga sauti ya jike na kuweka sanamu ya jike mbele yake; dume akiiona huja, na macho yake huwa kwenye sanamu, si kwa mwindaji. Sanamu ya dume kijana humchochea kwa wivu. Sanamu hufunikwa inapobebwa, kwa kuwa mwindaji mwingine anaweza kuidhania ni ndege halisi na kuipiga risasi.

Sheria na hifadhi

Chambo hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kuzaa, na hapo ndipo penye hatari. Mwenye bunduki anaweza kuchagua dume. Kitanzi hakichagui, na jike akinaswa mayai yake hupotea pamoja naye. Marekani ilipiga marufuku bata hai wa chambo mwaka 1935, kwa kuwa walivuta ndege wengi mno. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977.

Visiwani uwindaji wa wakati wa kuzaa una madhara makubwa zaidi. Ninga wa Pemba (Treron pembaensis), anayeishi pia katika msitu wa Ngezi karibu na Msuka, hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vya jirani. Tombo wakipungua mahali pamoja, wengine huweza kuja na mvua ijayo. Ninga wakipungua Pemba, hakuna wengine wa kuja kujaza nafasi yao.