Bao Ambalo Marekani Haikulisikia

Tarehe 29 Juni, 1950, katika mji wa Belo Horizonte nchini Brazil, Marekani iliifunga Uingereza bao 1-0 katika mashindano ya Kombe la Dunia. Waingereza ndio waliokuwa walimu wa kandanda. Wamarekani walikuwa watu wa kuokotezwa tu: kipa wao aliendesha gari la kubebea maiti, mwingine alikuwa mwalimu wa shule, na mwingine mpeleka barua. Aliyetia bao hilo kwa kichwa, Joe Gaetjens, alikuwa kijana mzaliwa wa Haiti, aliyekuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja huko New York huku akisoma chuoni.

Je, magazeti ya Marekani yalifanya nini? Karibu yote yalinyamaza. Mwandishi mmoja tu wa Kimarekani, Dent McSkimming wa St. Louis Post-Dispatch, ndiye aliyekuwapo uwanjani, naye alikuwa likizoni na nauli alijilipia mwenyewe!

Msomaji atauliza: nchi yenye magazeti tele ilipitwaje na habari kubwa namna hiyo? Wakuu wa magazeti waliuona mchezo huu kuwa ni wa wahamiaji, ilhali besiboli na ule mpira wao wa kubebwa mikononi ndiyo michezo ya wenyeji. Na habari za mgeni, hata atende makubwa vipi, huwekwa pembeni.

Televisheni ilileta kisa kingine, nacho ni biashara. Besiboli husimama kila mara, lakini kandanda huenda dakika 45 bila kupumzika. Matangazo ya biashara yatiwe wapi? Mwaka 1967 shirika la CBS lilipoonyesha mechi za ligi mpya, refa mmoja alinukuliwa akisema kwamba kati ya makosa 21 aliyoyapigia filimbi, 11 yalikuwa ya kuyapa matangazo nafasi.

Kisha akaja Pele. Alipoanza kuichezea New York Cosmos mwaka 1975, uwanja uliokuwa na nyasi haba ulipakwa rangi ya kijani ili upendeze katika televisheni. Waandishi wakamiminika, na tarehe 14 Agosti, 1977, watu 77,691 walijaa Giants Stadium. Lakini wengi wa waandishi hao walimfuata Pele, hawakuufuata mchezo. Alipostaafu mwaka huo huo, hamu yao ilianza kupungua. Ligi ile nayo, ikiwa imelemewa na gharama, ilikufa baada ya msimu wa 1984.

Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo palikuwa na sauti nyingine. Watangazaji wa vituo vya Kihispania hawakuhitaji kufundishwa utamu wa kandanda. Wakati wa Kombe la Dunia la 1994, lililochezwa Marekani kwenyewe, Andrés Cantor wa Univision aliuvuta ule ukelele wake wa “gooool” hata wasiojua Kihispania wakampenda. Mwaka huo ABC na ESPN nao walionyesha mechi bila kuzikatiza, majina ya wenye biashara yakiwekwa karibu na saa ya mchezo. Kumbe njia ilikuwapo! Na mwaka 1999, wanawake wa Marekani waliponyakua Kombe la Dunia, picha ya Brandi Chastain ilipamba majalada ya magazeti makubwa ya nchi hiyo.

Gaetjens hakuyaona hayo. Alirudi kwao Haiti, na mwaka 1964 akakamatwa na watu wa Rais Duvalier, asionekane tena. Hatuwezi kudai kwamba magazeti yangalimwokoa. Lakini alitoweka akiwa mtu ambaye Wamarekani wengi hawakupata kumsikia, ijapokuwa aliwatilia bao kubwa kuliko yote waliyopata kufunga. Mwandishi anapoamua kwamba mchezo fulani haumhusu, wanaoucheza husahauliwa wangali hai.