Simu isizimike usiku

Juma lililopita mdogo wangu alinipigia saa nane ya usiku, uchungu umemshika. Simu yangu ilikuwa imezimika tangu jioni. Jirani ndiye aliyemfikisha materniti. Mtoto ni mzima, tunashukuru. Lakini mimi nilipata habari asubuhi.

Umeme ukikosa siku mbili, kila mara tunalipa franka kwenye kibanda cha kuchajisha. Basi tutunze batri. Kinachoila zaidi ni kioo: punguza mwangaza, kijizime baada ya sekunde 30. Zima Bluetooth, Wi-Fi na alama ya mahali kama huzitumii. Intaneti nayo uizime ukimaliza kusoma ujumbe, hata mega zitadumu. Anayekupigia kwa kawaida atakupata tu. Mahali rezo ni dhaifu, simu inahangaika kuitafuta na batri inaisha ukiwa umeiweka tu mkobani.

Watoto wetu wanafunga programu moja moja wakidhani wanasaidia. Mara nyingi kuzifungua upya kunakula zaidi.

Alama ya ndege inahifadhi batri sana, ila hakuna atakayekupata. Mwenye mgonjwa au mja mzito katika familia asiiweke usiku.