Namba Tasa: Badili Njia Kabla ya Kubadili Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza programu pale Chuo Kikuu cha Dodoma, akitakiwa atoe namba tasa zote zilizo chini ya milioni 1, mara nyingi hushika njia inayomjia upesi: kila namba aigawe kwa 2, kwa 3, kwa 4, mpaka akaribie namba yenyewe. Jibu hutoka sahihi, lakini baada ya kusubiri sana, na lawama huangukia kompyuta mpakato. Kompyuta haina kosa. Kwa njia hiyo, kuzithibitisha namba tasa peke yake kunadai migawanyo zaidi ya bilioni 37.

Dawa ya kwanza ni kukomea kwenye kipeuo cha pili. Namba ikiwa zao la namba mbili, mojawapo haiwezi kuzidi kipeuo hicho. Kwa hiyo 999,983 haina haja ya kujaribiwa kupita 999. Bilioni 37 zinashuka hadi kama milioni 50, na kilichobadilika ni mstari mmoja wa msimbo.

Hata hivyo, kugawanya ni kazi nzito kwa prosesa. Ndiyo maana naipenda zaidi njia ya Eratosthenes, Mwafrika wa Kaskazini kwa kuzaliwa, aliyeongoza maktaba ya Alexandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chekeche lake haligawanyi kitu. Orodhesha namba zote, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5, uendelee hivyo. Zinazosalia ni tasa. Kwa 7 anzia 49, maana 14, 21, 28, 35 na 42 zimekwisha kufutwa na zilizotangulia. Ukimaliza zamu ya 997, kazi imekwisha: umefuta mara milioni 2 na ushei. Namba shufwa ukiziacha nje tangu mwanzo, inabaki kama laki 8.

Ukitaka kufika bilioni 1, shida inahamia kwenye kumbukumbu. Kila namba witiri ipe biti moja, megabaiti 62.5 zitatosha. Kisha chekecha kipande kwa kipande, kila kipande kienee kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa. Kufuata data mbali kunapoteza muda kuliko hesabu yenyewe.

Ila kabla ya kupima sekunde, hesabu ulichopata. Chini ya milioni 1 zipo namba tasa 78,498. Ikizidi au kupungua hata moja, achana na kasi, rekebisha msimbo kwanza.